Mti wa babu uliougulia sebuleni

Kila Ijumaa jioni simu ya Tanga ilipoita, mama huyo wa watoto wawili alijua kabisa swali la tatu litakuwa lipi. La kwanza lilikuwa hali za watoto. La pili lilikuwa la mumewe, ambaye kazi imempeleka Mtwara. La tatu: "Na mti wa mzee, haujambo?"

"Haujambo, mama. Umestawi."

Mti haukuwa umestawi. Ulikuwa juu ya kabati la runinga, ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, na ulikuwa umebakiwa na majani 11. Mtoto wa kiume, mwenye miaka tisa, aliyahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na hesabu ilikuwa inashuka tu.

Ni mti wa jamii ya mikuyu, lakini haufiki hata urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Shina lake ni nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, na mizizi imelikumbatia jiwe la matumbawe. Wajapani huita mti wa namna hii bonsai, yaani mti uliopandwa kwenye chombo kifupi. Si aina ya pekee ya mbegu, kama wengi wanavyodhani. Ni mti wa kawaida uliopunguzwa matawi na mizizi mwaka baada ya mwaka mpaka ukazoea udogo, huku sura yake ikibaki ya mti mzee.

Babu wa familia hiyo alikuwa baharia. Aliiona miti hiyo mara ya kwanza meli yake ilipotia nanga Yokohama. Alipostaafu na kurudi Tanga, akakuta mche wa mkuyu umeota kwenye ufa wa ukuta wa jengo kuukuu karibu na bandari. Watu wa pwani wanaijua hali hiyo: ndege hula tunda, huangusha mbegu ukutani, na mti huota pasipo udongo wowote. Akauchomoa, akaupanda kwenye chungu kifupi, akaulea kwa zaidi ya miaka 20 nyuma ya nyumba yake Ngamiani.

Alipofariki mwaka jana, bibi aligawa vitu vyake. Mti ukaenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, yaani kwa mkwewe aliyeko Dar.

Ulipofika Upanga uliwekwa mahali pa heshima. Hapo ndipo ulipoanza kuugua. Sebule ina kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku miezi ya joto. Dirisha lina pazia zito na liko hatua tano kutoka kwenye kabati. Kwa macho ya mtu sebule hiyo ina mwanga wa kutosha, kwa sababu macho yetu hujirekebisha haraka tukiingia ndani. Jani halina uwezo huo. Hatua mbili tatu tu kutoka dirishani, mwanga unaolifikia jani ni sehemu ndogo sana ya ule wa nje, na jani lisilopata mwanga halitengenezi chakula. Mikuyu ina tabia ya kupukutisha majani ikihamishwa ghafla kutoka kwenye mwanga mkali. Wiki ya tatu, sakafu ilikuwa imejaa majani.

Mama akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Akaongeza maji. Majani yakazidi kudondoka, akanunua mbolea ya chumvichumvi, akaweka vijiko viwili. Akauhamishia jikoni, akaurudisha sebuleni, akausogeza chini ya kiyoyozi akidhani joto ndilo linaloutesa. Mzazi ambaye mtoto wake akikohoa humpa dawa tatu tofauti siku moja, moja ya duka la dawa, moja ya jirani na moja iliyobaki kabatini tangu mwaka jana, ataielewa hofu hiyo. Inatoka kwenye upendo, lakini mgonjwa ndiye anayelipa.

Maji yenyewe yalikuwa na lake. Jengo hilo, kama mengi jijini, lina kisima kirefu, na maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi. Uso wa udongo ulikuwa umefanya ukoko mweupe, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mizizi hushindwa kufyonza maji hata kama chungu kimeloa. Mti unakuwa na kiu huku umesimama majini.

Na kweli ulikuwa umesimama majini. Chini ya chungu kulikuwa na sahani ya kuzuia maji yasichafue kabati, na sahani hiyo haikuwahi kukauka. Siku moja binti mdogo wa miaka mitatu alimwita mama yake aje kuona "visamaki". Walikuwa viluwiluwi wa mbu.

Hapa mzazi yeyote mwenye vyungu ndani ya nyumba asipite haraka. Mbu anayeeneza homa ya dengi, aina ya Aedes, hapendi mtaro mchafu. Anapenda maji masafi yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu: ndoo, tairi, kopo, sahani ya chungu cha maua. Huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Mayai yake hugandia ukingoni mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sahani isuguliwe kwa brashi na sabuni walau mara moja kwa wiki. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na wakati huo wengi walikuwa wakitazama mitaro ya nje tu.

Sahani ikatupwa. Mti ukaendelea kupukutika. Majani yakawa 7.

Likizo ya Juni ilipokaribia, mama alipanga kuwapeleka watoto Tanga na kuuacha mti nyumbani. Angepata la kusema. Mtoto wa kiume akakataa. "Mgonjwa anapelekwa hospitali," alisema, na mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha maneno hayo, akakosa jibu. Chungu kikaingia kwenye boksi la karatasi, gazeti likajazwa pembeni, na asubuhi wakapanda basi kituo cha Magufuli pale Mbezi. Kondakta alitaka boksi liende kwenye buti. Mtoto alilipakata magotini hadi mwisho wa safari.

Safari ya Tanga ina kawaida ya kulala mpaka Segera, ambapo barabara ya Moshi na Arusha inaendelea kaskazini na ya Tanga inakata kulia. Baada ya hapo usingizi huisha wenyewe. Upande mmoja milima ya Usambara inaonekana kwa mbali ikiwa na wingu kichwani. Muheza machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara, na wauzaji wanakimbilia madirisha ya basi. Kisha mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Hewa inabadilika, inakuwa nzito na yenye unyevu, na anayetoka kwenye kiyoyozi anaisikia puani kabla hajaona bahari.

Ngamiani ni mitaa ya watu wa zamani wa Tanga, iliyopangwa kwa namba: barabara ya kumi, ya kumi na moja, na kuendelea. Nyumba nyingi ni za chini, zina baraza mbele na ua nyuma. Baiskeli ni nyingi kuliko miji mingine ya ukubwa huo. Mtu akitoka Upanga anashangaa jinsi mbingu ilivyo karibu. Hakuna ghorofa za kuizuia.

Bibi alikuwa barazani. Watoto wakamwamkia, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, na kabla mama hajatua mizigo, mtoto akalifungua boksi.

Bibi aliutazama mti kwa muda. Mama akaanza kusema kitu kuhusu kiyoyozi.

"Nilijua," bibi alisema. "Kila nikiuliza, ulikuwa unajibu haraka."

Hakusema zaidi ya hapo kuhusu uongo huo, wala siku hiyo wala baadaye. Alikaa chini, akauweka mti mapajani, akachagua kijitawi cha juu na kukikwangua kwa ukucha. Chini ya gamba palikuwa pa kahawia, pakavu. Akashuka kidogo, akakwangua tena. Kahawia. Kwenye tawi la pili, karibu na shina, ukucha wake ulifunua kijani kibichi na tone la utomvu mweupe.

"Mbona huyu mzima," alisema.

Kukwangua kwa ukucha ndicho kipimo cha kwanza cha mti uliopoteza majani, na hakigharimu chochote. Unaanza nchani, unashuka taratibu kuelekea shina. Kijani chenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu ni kifo cha sehemu hiyo tu. Mti unaweza kufa nchani na kuwa hai mita yote ya chini. Wengi huutupa mti jalalani kwa sababu umebaki uchi, na hawajaugusa hata kwa ukucha.

Bibi akakumbuka kwamba mti huo uliwahi kubaki bila jani hata moja. Mwaka babu alipolazwa hospitali kwa wiki kadhaa, jirani aliyeachiwa kazi ya kumwagilia alikuwa mkarimu mno. Alimwagilia asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Babu aliporudi hakugomba. Aliutoa mti kwenye chungu, akatazama mizizi.

Nao wakafanya hivyo hivyo uani, juu ya gunia. Mizizi iliyo hai ni migumu kidogo, ya rangi nyepesi. Iliyooza ni myeusi, laini, inavuliwa kama soksi na inanuka kama maji ya vazi la maua lililosahaulika. Karibu theluthi ya mizizi ya mti ule ilikuwa imeoza. Bibi akaikata kwa mkasi uliopitishwa kwenye maji ya moto. Matawi makavu yakakatwa pia, na utomvu ulipotoka binti mdogo akasogezwa mbali. Utomvu wa mikuyu huweza kuwasha ngozi na kuumiza macho, na mtoto akitafuna jani tumbo linaweza kumsumbua. Hiyo ni hali ndogo ukilinganisha na ua linalouzwa sana kandokando ya barabara kwa jina la waridi la jangwani, lenye shina nono na maua ya waridi. Utomvu wake ni sumu iliyowahi kupakwa kwenye mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki. Ni ua zuri, lakini si la kuwekwa mahali ambapo mtoto anayetambaa anafika.

Udongo wa zamani, wenye chumvi na ile mbolea, ukamwagwa wote. Babu hakuwahi kutumia udongo mweusi wa bustani peke yake, kwa sababu kwenye chungu kifupi hugandamana na kuinyima mizizi hewa. Alikuwa akichekecha mchanga mkubwa, akachanganya na matofali ya kuchoma yaliyopondwa na vipande vidogo vya mkaa. Bado kulikuwa na ndoo nzima ya mchanganyiko huo chini ya ngazi, yenye mfuniko. Bibi hakuwa ameigawa.

Mtoto akauliza kwa nini wasiweke mbolea ili upone haraka. Bibi akamjibu kwamba mtu aliyetoka kuharisha siku tatu hapewi pilau. Ni jibu sahihi hata kitaalamu. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kutumia mbolea, na chumvi zake huiunguza zaidi. Mbolea husubiri mpaka majani mapya yakomae.

Kilichobaki ni pa kuuweka, na hapo ndipo safari nzima ilipopata maana kwa mama huyo. Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, palikuwa na matofali mawili yaliyosimamishwa. Juu yake sakafu ya saruji ilikuwa na alama ya mviringo ya chungu. Jua la asubuhi linafika hapo tangu linapochomoza mpaka kama saa nne, kisha ukuta wa jirani unatia kivuli. Upepo wa bahari unapita kati ya nyumba mbili. Pembeni pana pipa linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, lenye kitambaa kilichofungwa juu dhidi ya mbu. Kila kitu ambacho mti ulikosa Upanga kilikuwa ndani ya hatua nne.

"Alikuwa anaumwagilia mara ngapi, mama?"

"Hakuwa na siku," bibi alisema. "Alikuwa anachomeka kidole. Kikitoka kikavu, anamwagilia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka kibichi, anakunywa chai yake."

Na kuingia ndani? Mti uliingia ndani siku za Idi na siku za harusi tu, ukakaa mezani wageni wakaushangaa, na kesho yake ukarudi kwenye matofali.

Babu hakuvumbua hilo. Huko alikoiona miti hiyo, wanafanya vivyo hivyo. Kaskazini ya Tokyo kuna mtaa wa Omiya, ambao leo ni sehemu ya mji wa Saitama, unaojulikana kama kijiji cha bonsai. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kuharibu Tokyo, walimaji wa bonsai waliamua kuondoka. Jiji lilikuwa limewabana, na miti yao ilihitaji nafasi, hewa safi, maji mazuri na udongo unaofaa. Mwaka 1925 wakaanza kuhamia Omiya. Walijiwekea masharti: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, afungue bustani yake kwa wageni, azungushe uzio wa miti badala ya ukuta, na asijenge nyumba ya ghorofa. Ni watu wachache duniani waliowahi kupanga makazi yao kwa kutazama kwanza afya ya mimea.

Katika jumba la makumbusho ya bonsai lililofunguliwa Omiya mwaka 2010, miti michache huingizwa ndani kuonyeshwa, hukaa kwa muda mfupi, kisha hurudishwa nje na mingine huingia kwa zamu. Hata yenye umri wa mamia ya miaka ni mgeni sebuleni. Msonobari mmoja mashuhuri, uliolelewa chunguni tangu mwaka 1625, ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ukiwa nyuma ya ukuta wa bustani ya familia ya Yamaki, takriban kilomita 3 kutoka mlipuko. Familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, na uko Washington mpaka leo. Nao pia makao yake ni nje. Bomu haukuufa, sebule yenye kiyoyozi huenda ingeumaliza ndani ya msimu mmoja.

Kwa hiyo bonsai ya ndani ni jina linalopotosha. Ipo miti inayovumilia ndani kuliko mingine, na mikuyu ni miongoni mwake, mradi iguse kabisa dirisha lenye mwanga na iwe mbali na kiyoyozi. Misonobari na mireteni inayotoka nchi za baridi haivumilii. Mzazi anayetaka kumnunulia mtoto zawadi asivutwe na sura ya mti wa picha za Japani.

Siku ya kuondoka Tanga ilizuka kazi ngumu kuliko kukata mizizi. Mti uliobadilishwa udongo na kukatwa mizizi hautakiwi kutikiswa wala kubadilishiwa mahali. Unahitaji kivuli chenye mwanga kwa wiki mbili hivi, kisha jua la asubuhi kidogo kidogo. Kuurudisha kwenye basi kwa saa sita ilikuwa sawa na kumtoa mgonjwa wodini siku ya pili baada ya upasuaji. Mama aliliona hilo mara moja. Mtoto alilia. Alidhani mti umenyang'anywa kwa kosa la mama yake, na kwa kiasi fulani mama naye alidhani hivyo.

Bibi ndiye aliyeamua. Akamwambia mjukuu wake kwamba mti ni wake, ila umelazwa, na mwenye mgonjwa kazi yake ni kupiga simu kila siku na kutengeneza kitanda.

Walirudi Upanga mikono mitupu. Nyumba hiyo ina kibaraza cha nyuma, kile cha kuanikia nguo, kinachotazama mashariki. Kilikuwa stoo: ndoo zilizopasuka, baiskeli ya mtoto isiyo na tairi, mtungi wa gesi wa zamani. Wameshinda Jumamosi nzima wakikisafisha. Dumu la lita 20 limewekwa chini ya bomba linaloshuka kutoka paani, likiwa na mfuniko, kusubiri mvua. Mama alipima mwenyewe: jua linaingia saa moja na nusu na linaondoka karibu saa tano.

Simu ya Ijumaa bado inaita, lakini siku hizi mtoto ndiye anayeipokea, na ndiye anayeuliza kwanza.

"Shikamoo bibi. Mti haujambo?"

Wiki ya kwanza bibi alisema bado. Ya pili, bado. Ya tatu alisema jani moja kati ya yale saba limeanguka, na hakulificha. Ya tano alikaa kimya kidogo, akasema kuna vichomozi viwili vyekundu kwenye tawi la chini, vidogo kama punje ya mtama, na kwamba asijipe furaha bado kwa sababu kichomozi kinaweza kukauka.

Mtoto alikwenda kibarazani. Tofali mbili alizoziomba kwa mafundi wanaojenga ng'ambo ya barabara zilikuwa hapo, zimesimamishwa ukutani. Akazisogeza kidogo kuelekea jua, akarudi kwenye simu kuuliza kama Desemba ni mbali.